Nyumba moja, milango miwili: niliyoyasema kuhusu zile nyumba pacha (semi) za kizamani za London

Watu kama watatu wameniomba niyaandike yale niliyoongea Jumamosi pale ukumbini Camberwell, kusini mwa London, manake wengine walikuwa jikoni wanapakua pilau na wengine watoto walikuwa wanalia, kwa hiyo nayaandika kama nilivyoyasema, nimekata tu pale nilipokohoa na pale mzee mmoja aliponikatiza kuuliza bei ya kupaka rangi ukuta wa nje. Nitamjibu hapo chini, nilimuahidi.

Asalaam alaykum, na kwa wengine hamjambo nyote. Wazee wangu shikamooni. Mimi mnanijua, fundi mwashi, mtu wa Tanga, nimeanza kubeba karai la zege nina miaka kumi na tano na hapa London huu mwaka wa kumi na tisa, kazi yangu kubwa ni kurekebisha majumba ya zamani. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini niongee chochote kinachohusu makazi, nadhani alitegemea nitaongelea mogeji, yaani mkopo wa kununulia nyumba. Jamani mimi sina mogeji, nitaongelea matofali.

Kuna nyumba mbili hapa Herne Hill nazifanyia kazi tangu mwezi wa sita. Nasema mbili lakini ukisimama ng'ambo ya barabara unaona moja. Jumba kubwa la matofali ya njano yaliyokolea masizi, paa moja la sleti, vile vigae vya mawe, dohani moja katikati nene kama kibanda cha mlinzi, dirisha limechomoza mbele kushoto na jingine limechomoza mbele kulia, kila kitu kinajibiana na mwenzake kama mtu kajitazama kwenye kioo. Unatafuta mlango huuoni. Mpaka usogee uzunguke kidogo ndo unaona mlango mmoja umejificha ubavuni kushoto na mwingine ubavuni kulia, mbalimbali kabisa, kila mmoja na ngazi zake na nguzo zake, yaani wenyewe wawili wanaweza kuingia na kutoka mwaka mzima wasikutane. Hiyo siyo bahati mbaya, ndo ilivyochorwa.

Nyumba mbili zilizoshikana hivi hapa wanaziita semi, kule Dar tunaita tu in wani, si ndio? Na ukisema unakaa tu in wani watu wanaelewa kwamba una kipato ila bado hujafika. Basi Waingereza wa enzi za Malkia Victoria, yaani kuanzia 1837 mpaka 1901, walikuwa na aibu hiyo hiyo, ila wao waliamua kuificha kwa ramani. Mtu hana hela ya jumba la peke yake katikati ya bustani kama bwana mkubwa wa shamba, basi anajenga nusu ya jumba, jirani anajenga nusu nyingine, halafu wote wawili wanapita barabarani wakijifanya nyumba nzima ni yao. Na neno walilolitumia siyo dogo, waliziita vila. Vila! Kama ya Italia. Nusu vila kwa kweli, lakini nani ataandika hivyo kwenye kibao.

Sasa hili jambo halikuanza na Victoria mwenyewe. London ya kabla ilikuwa mji wa nyumba za mstari, ukuta kwa ukuta kuanzia kona mpaka kona, hata matajiri walikaa hivyo. Kule St John's Wood kwenye ardhi ya familia ya Eyre kuna ramani ya 1794 inayoonesha nyumba zimepangwa mbili mbili katikati ya bustani, ujenzi ukafuata baadaye karne ya 19 ilipoanza. Lakini mtu ninayempenda mimi kwenye hadithi hii ni John Claudius Loudon, Mskochi, mtu wa bustani na mwandishi, ambaye mkono wake wa kulia ulikatwa miaka ya 1820 na bado akaendelea kufanya kazi mpaka akafa 1843. Huyu alijenga jozi moja Porchester Terrace, Bayswater, miaka hiyo hiyo ya 1820, namba 3 na namba 5, na mwenyewe akakaa humo humo na mkewe Jane ambaye naye alikuwa mwandishi wa mambo ya bustani. Jumapili isiyo na mvua nendeni mkaione, bado ipo, ina kile kibao cha kumbukumbu ukutani.

Nyie angalieni alichofanya. Tatizo la nyumba mbili zilizoshikana ni pale katikati, pale ukuta wa pamoja unapopita, manake jicho la binadamu likiona milango miwili au ufa wa mpaka linasema hapa kuna watu wawili. Loudon milango akaisukuma pembeni, halafu pale katikati kabisa mbele akaweka kibanda cha kioo cha kuoteshea maua chenye kuba juu, mviringo, kinang'aa. Mtu anapita anaona kuba anasema aah, hilo ndilo lango la mwenye nyumba. Kumbe ukuta unapita katikati ya kuba lenyewe! Nilisimama pale mara ya kwanza nikacheka peke yangu, mwenye mbwa akahama upande wa barabara.

Sasa kwa nini mbilimbili, kwa nini siyo moja moja au kumi kumi? Hapa nawaambia kama fundi. Walio wengi kati ya waliojenga hizi nyumba hawakuwa wasanifu, walikuwa mafundi kama mimi waliokopa. Mwenye ardhi hauzi, anakukodisha kiwanja kwa miaka 99 kwa kodi ndogo, wewe unajenga kwa hela ya mkopo, unauza haraka, unalipa, unaanza nyingine. Fundi wa namna hiyo hana mtaji wa mstari mzima, lakini nyumba mbili anaziweza. Na akizibana pamoja anaokoa ukuta mmoja mzima na dohani moja, ukuta ule mmoja unabeba sakafu za pande zote mbili. Wakati huo huo anampa mteja vitu ambavyo nyumba ya mstari haina: mwanga kutoka pande tatu, na kijia cha pembeni. Hicho kijia msikidharau. Nyumba ya mstari isiyo na uchochoro nyuma, muuza samaki na mtu wa bustani watapita wapi kama siyo kwenye korido yako mbele ya wageni? Ukiwa na kijia, makaa na samaki na ndoo za uchafu vinapita pembeni, heshima inabaki mbele.

Na treni. Reli ya kwanza ya London, ile ya kwenda Greenwich, ilifunguliwa 1836, stesheni yetu ya Herne Hill ikafunguliwa 1862, na ukitembea na hizo tarehe kichwani utaona nyumba zinazifuata stesheni kama vifaranga. Karani mkubwa, mwenye duka, daktari, mtu anashinda mjini kwenye moshi jioni anarudi kwenye vila yake yenye mti mmoja mbele.

Kitu kingine kilichobadilisha sura ya hizi nyumba ni kodi, na hapa ukumbi mzima uliniitikia, inaonekana kodi tunaielewa wote. Serikali ya Uingereza ilikuwa inatoza kodi ya madirisha tangu 1696, kadiri ulivyo na madirisha mengi ndivyo unavyolipa zaidi, ndo maana mnaona nyumba za zamani zina madirisha yamezibwa kwa tofali. Kuanzia 1784 ikatoza matofali. Na kioo nacho kilikuwa na kodi yake. Basi kodi ya kioo ikafutwa 1845, ya matofali 1850, ya madirisha 1851. Miaka sita tu! Ni kama mtu umefungwa kamba halafu wakakata zote kwa mara moja. Hapo ndo dirisha likachomoza nje ya ukuta lenye nyuso tatu, ndo vioo vikawa vikubwa badala ya vile vidogo vidogo sita vya kila fremu, ndo mafundi wakaanza kucheza na tofali za rangi, nyekundu kwenye njano, nyeusi kwenye nyekundu.

Mitindo nitaipitia haraka manake kila mtu ana kitabu chake. Kwanza Uitaliano: Prince Albert, mume wa malkia, na mjenzi Thomas Cubitt walijenga Osborne kule Isle of Wight kati ya 1845 na 1851, jumba lenye minara ya Kiitaliano, basi kila fundi wa London akataka lipu nyeupe, ukuta wa tofali unapigwa lipu halafu unachorwa mistari ufanane na mawe. Baadaye miaka ya 1860 na 1870 ukaja mtindo wa kigothi, matao yaliyochongoka kama kanisa, na mwishoni kuanzia 1875 kule Bedford Park wakajenga tofali nyekundu na vibaraza vya mbao nyeupe.

Lakini kwenye ugothi lazima nisimame, kwa sababu kisa chenyewe kilitokea hapa hapa kwetu. John Ruskin, yule mwandishi aliyewafundisha Waingereza kuyapenda majengo ya Venice, alikulia Herne Hill. Familia yake ilihamia pale 1823 akiwa mtoto wa miaka minne, na nyumba yenyewe, leo haipo, ilikuwa semi! Moja katika kundi la nne, jozi mbili zilizofanana. Baadaye wakahamia Denmark Hill, juu kidogo hapo. Akaandika weee kuhusu nguzo za Venice na majani yaliyochongwa kwa mkono wa fundi mwenye uhuru wa moyo. Na mafundi wa vila wakaelewa kwa namna yao: wakachukua zile nguzo na yale majani, wakayaagiza kwa jumla, wakayabandika kwenye kila dirisha la mbele kutoka hapa mpaka Bromley. Mwaka 1872 Ruskin akaandika gazetini akilalamika kwamba ameathiri karibu kila mjenga vila za bei poa wa upande huu, na kwamba mojawapo ya sababu zinazomfanya ahame nyumba yake ni kuzungukwa na hayo madude ambayo chanzo chake ni yeye mwenyewe. Akahamia kweli, kaskazini kabisa, kwenye ziwa Coniston.

Mimi namuonea huruma lakini simuungi mkono. Njooni siku moja niwapandishe kwenye jukwaa muone kichwa cha nguzo cha ile nyumba yangu ya Herne Hill kwa karibu. Kuna majani kama ya kisamvu yamejikunja, katikati yake kuna kindege kadogo, mdomo umevunjika, na kwenye ile jozi kuna vindege vinne na hakuna wawili waliofanana, mmoja anatazama nyuma kama kaitwa. Toka chini huwezi kuona hiyo. Mtu alikaa akachonga akijua hakuna atakayepanda kutazama, halafu Ruskin anasema bei poa. Haya.

Zunguka nyuma sasa. Nyuma ni kitu kingine, ndo hapo utajua hawa watu walikuwa wafanyabiashara. Mbele tofali safi za kuchagua, mawe, vindege, nyuma tofali za makombo, viungo vinene, madirisha hayana hata urembo. Mbele suti nyuma kaptula. Na pembeni unaona kabisa pale suti inapoishia, inakunja kona kama futi moja hivi halafu inakata.

Ndani mpangilio nao una siri yake. Chumba cha mbele ni cha wageni, dari imepigwa ua la plasta katikati na urembo pembeni kuzunguka, marumaru za korido zina michoro ya rangi ambayo haikupakwa juu, udongo wa rangi umeshindiliwa ndani ya kigae chenyewe kwa hiyo hata miguu ya miaka mia haiifuti, zilitoka Minton kule Stoke na Maw kule Shropshire. Ukipita nyuma urembo unapungua, ukipanda juu unapungua zaidi, na ukifika darini walikokuwa wanalala watumishi hakuna kitu, mbao tupu na kijidirisha. Unaweza ukafumbwa macho, ukapapasa tu ukingo wa ukuta na sakafu, ukajua uko chumba cha nani. Kwetu pia mgeni mwisho wake barazani, tusijifanye, ila sisi tunamnyima kuona na hawa walikuwa wanamlazimisha aone.

Mlango wa mbele sasa, hapa kuna jambo letu. Milango na ngazi za hizi nyumba nyingi ni msonobari wa bei rahisi kutoka nchi za Baltiki, halafu fundi rangi anachora juu yake mistari ya mwaloni kwa kitana na kitambaa mpaka unadanganyika, kisha anapiga vanishi. Vanishi nzuri ya zama hizo ilipikwa na sandarusi, na sandarusi iliyosifika kwa ugumu ilikuwa inaitwa ya Zanzibar. Wazee wa pwani mnajua ilikotoka hasa, siyo Unguja, ilichimbwa ardhini kule Mrima, pwani ya bara, watu wanafukua mchanga kutafuta utomvu wa miti iliyokufa zamani, ikivushwa Unguja ikapakiwa melini. Kila nikikwangua mlango wa zamani nikakuta ile tabaka ya rangi ya asali huwa nasita kidogo. Na piano ya chumba cha mbele vile vile, vitufe vyake ni pembe za ndovu, na Zanzibar ndiyo ilikuwa soko kubwa la pembe. Na paa lenyewe, sleti za Wales, machimbo ya Penrhyn yalipanuliwa na Richard Pennant ambaye utajiri wake ulitoka kwenye mashamba ya miwa Jamaica, mashamba ya watumwa. Sleti zenyewe walizipa majina ya kimama: Duchess ni inchi 24 kwa 12, Countess 20 kwa 10, Lady 16 kwa 8. Mpaka leo nikiagiza dukani nasema nipe Countess mia mbili, na hakuna anayecheka.

Sasa niingie kwenye ukuta, manake ndo chakula changu.

Ukuta wa nje wa hizi nyumba mara nyingi ni unene wa inchi 9, tofali tupu kutoka nje mpaka ndani, hakuna uwazi katikati kama nyumba za kisasa. Ukitazama kwa nje utaona tofali refu, fupi, refu, fupi kwenye mstari mmoja. Lile fupi siyo nusu, ni tofali zima limelazwa kichwa kikitazama nje, mkia wake umeingia ndani ya ukuta, ndilo linalofunga nyuso mbili za ukuta zisiachane. Na kilichoshikilia yote hiyo siyo simenti. Ni chokaa. Chokaa na mchanga, ile ile tunayoijua sisi, ila yao ya mawe na yetu ya matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuu.

Chokaa ni laini kuliko tofali, na hiyo ndiyo sifa yake. Mvua inapiga, ukuta unanywa maji kidogo, jua na upepo vikija maji yanatoka kupitia viungo vya chokaa, ukuta unavuta pumzi. Nyumba ikicheza kidogo, na udongo wa London ni mfinyanzi, kiangazi unasinyaa masika unavimba, chokaa inajikunjakunja bila ukuta kupasuka. Sasa chukua simenti uijaze kwenye vile viungo. Simenti ni ngumu kuliko tofali, haipitishi maji. Maji yaliyomo yatatokea wapi? Yatatokea kwenye uso wa tofali. Ikija baridi kali yanaganda, barafu inataka nafasi kuliko maji, inasukuma, na uso wa tofali unabanduka kama ganda la yai.

Najua kwa sababu nilifanya mimi. Mwaka wangu wa pili hapa, kibarua nilichopewa na jamaa mmoja simtaji, nusu moja ya nyumba pacha, nikaambiwa jaza viungo. Nikajaza simenti kali, moja kwa tatu, nikapiga mstari safi, nikapiga na picha nikamtumia mama Tanga. Baridi ya pili nikapita pale. Nusu yangu imeota mabaka, vumbi jekundu na vipande chini ya ukuta kwenye theluji, na nusu ya jirani ambaye hakuwa na hela ya kurekebisha, viungo vyake vya chokaa vimeliwa liwa vibaya kwa kuvitazama, lakini tofali zake nzima. Mstari ulipita katikati ya nyumba umenyooka kama umepigwa rula, huku yangu huku yake. Hata jina langu halikuhitajika. Na msicheke sana, mkienda Mji Mkongwe Unguja mtaona kuta za mawe na chokaa zilizopigwa lipu ya saruji zinavyobanduka na kutoka chumvi, ni ujinga ule ule.

Na wewe mzee wangu uliyeuliza kupaka rangi: kama ni ile rangi ya plastiki juu ya tofali, usipake. Unaufungia ukuta ndani ya mfuko wa nailoni, mwaka unaofuata utaniita kwa ajili ya ukungu chumbani. Na ukipaka nusu yako wewe peke yako, umeikata nyumba uso. Ipo moja karibu na hapa, nusu tofali nusu pinki. Simsemi mtu, ila ni kama mtu kanyoa ndevu upande mmoja.

Dohani ndo hatari zaidi. Milango ikiwa pembeni, mameko ya vyumba vya pande zote mbili yanapeana mgongo kwenye ule ukuta wa kati, moshi wote unapanda kwenye dohani moja. Simama barabarani uhesabu vile vyungu juu, kila chungu ni meko moja chini, unajua nyumba ilikuwa na moto mingapi. Leo hakuna anayewasha makaa, mtu anaona lile tumbo la tofali linamla nafasi sebuleni, anamwita kijana mwenye nyundo, linaondolewa Jumamosi moja. Sasa tofali za juu, za chumba cha juu na za darini na zile za juu ya paa, tani na tani, zimekaa juu ya nini? Niliitwa nyumba moja ya hivyo, mwenyewe kaweka televisheni kubwa pale meko ilipokuwa, na juu yake dari imeshuka kama tumbo la ng'ombe. Jirani upande wa pili kaona nyufa chumbani kwa mtoto. Nilimtoa mtu na televisheni yake jioni ile ile tukaweka miti ya kuegemeza.

Sheria ipo, ni ya 1996, ya kuta za pamoja, England na Wales: kabla hujagusa ukuta wa kati unampa jirani barua miezi miwili kabla, naye ana siku 14 za kujibu, mkishindwana kuna wapimaji wa kuwaamua. Watu wa kwetu wengi hawaijui, wanadhani ukishanunua nusu basi nusu ni yako mpaka mbinguni. Ule ukuta siyo wako jamani, na siyo wa jirani, ni wenu.

Nimekuja na kitu, pitisheni mkono kwa mkono lakini shikeni vizuri kisije kikamwangukia mtu mguuni. Hicho chuma kirefu kama mhogo kilikuwa ndani ya fremu ya dirisha. Yale madirisha ya kupandisha na kushusha, kila pande la kioo linaning'inia kwa kamba mbili, kamba inapita kwenye kapi juu inaingia ndani ya kisanduku cha fremu, mwisho wake huko gizani kuna chuma kama hicho. Chuma mbili zinapimwa zilingane na uzito wa dirisha, ila siyo sawasawa: za pande la juu zinazidi kidogo kusudi libaki juu, za pande la chini zinapungua kidogo kusudi likae chini. Likipimwa vizuri mtoto wa miaka mitano analipandisha kwa kidole. Ukifungua juu kidogo na chini kidogo, joto linatoka juu hewa inaingia chini, feni ya bure. Mnayaona yamekwama manake watu wameyapaka rangi mara kumi na tano mpaka yamegandana, halafu wanasema madirisha ya Waingereza mabovu, wanaweka ya plastiki, nusu moja plastiki nusu nyingine mbao, tumerudi kwenye ndevu.

Nimalizie na ile jozi ya Herne Hill. Upande mmoja anakaa mama mmoja wa Kijamaika, yupo pale tangu miaka ya sabini, upande wa pili vijana wawili wa Kiingereza wamenunua juzi. Tatizo lilikuwa gata. Maji ya paa lote la mbele, la kwake na la kwao, yanakusanywa katikati na kushuka kwa bomba moja la chuma lililopita juu ya ukuta wa pamoja. Bomba limepasuka kwa nyuma, ambako huoni, na ukuta wa ndani umelowa pande zote mbili. Mama anasema bomba la kwao, wao wanasema liko upande wa mama, wameandikiana barua miezi minane, mimi nimeitwa na mama kupaka lipu chumbani. Nikamwambia mama sipaki, nikishaipaka lipu italoa tena. Nikawaomba wote watatu watoke wavuke barabara, tusimame ng'ambo, watazame nyumba yao. Hawakuwahi kuitazama pamoja. Yule kijana akauliza, hivi bomba ndo lile katikati? Mama akasema mimi nilidhani liko kwako kidogo. Liko katikati kabisa, nilishapima, nusu inchi haizidi.

Bomba limeagizwa la chuma kama la zamani, nusu kalipa mama nusu wamelipa wao, linakuja Jumanne mvua isiponyesha. Chuma changu kiko wapi? Nani alikishika mwisho?